Jinja kwenye seva: risiti za duka la Birere

Kwa anayetengeneza programu ya mauzo hapa Goma kwa Python, Jinja, maktaba inayojaza data kwenye violezo (faili zenye muundo wa risiti au ukurasa), ndiyo chombo cha kutegemea. Unaunda Environment (kitu kinachobeba mipangilio yote ya Jinja) moja tu seva inapowaka, unaipa FileSystemLoader yenye folda ya violezo, kisha get_template kuchukua kiolezo na render kukijaza. Usiiunde upya kwa kila ombi: inahifadhi hadi violezo 400 vilivyokwisha kuchakatwa, na ukiiunda upya hazina hiyo inapotea.

Kasoro yake kubwa iko hapa. Ukikosea jina la kigeu, haisemi kitu. Mteja anapata risiti yenye “Jumla: FC” (faranga za Kongo) bila namba. Weka undefined=StrictUndefined kwenye Environment tangu siku ya kwanza, ili ikatae palepale kwa kutoa kosa.

Ulinzi wa HTML, yaani kugeuza alama kama < na ' kuwa kodi zisizo na hatari kwenye ukurasa, nao umezimwa mwanzoni. Tumia select_autoescape, maana inaangalia mwisho wa jina la faili: risiti.html inalindwa, risiti.txt inaachwa. Ukilinda zote, ujumbe wa simu utaandika “huile d'arachide” badala ya “huile d'arachide” (mafuta ya karanga), na mama wa dukani atauliza hiyo ni bidhaa gani.

Mistari mitupu kati ya bidhaa? Washa trim_blocks na lstrip_blocks kwenye Environment, zinaondoa nafasi na mistari inayoachwa na amri za kiolezo, basi.