Msala wa ukindu au marufaa: msanii aanzie wapi?

Anayetaka kuwasemea wanawake kupitia vifaa vya ibada atapata historia tele kwenye msala, yaani mkeka wa kuswalia. Pwani, wanawake ndio wasukao ukili, yaani ukanda wa majani ya mkindu, kisha wakauunga kwa sindano. Jina la bibi yako laweza kusukwa humohumo kwa ukindu wa rangi. Gharama ndogo, muda mwingi, na unyevu huleta ukungu.

Marufaa, kile kibao cha kukunja cha kuwekea Kurani, hutaka mbao ngumu na mkono mtulivu: bawaba huchongwa ndani ya ubao uleule, patasi ikiteleza ubao umekwisha. Lakini hudumu, mradi mchwa wasifike.

Msanii Judy Chicago wa Marekani alichanganya kazi laini na ngumu: The Dinner Party (1974–1979) ni meza ya pembetatu yenye nafasi 39 za wanawake mashuhuri, sahani za kauri juu ya vitambaa vilivyotariziwa.

Huna karakana? Suka. Kazi itashikwashikwa na wageni? Chonga.