Kapnografu ya Mkononi katika Chumba cha Wagonjwa Mahututi: Tathmini Baada ya Miezi 8

Kwa miezi 8 sasa tumekuwa tukitumia kapnografu ndogo ya mkononi katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali moja hapa Dodoma, nami, kama muuguzi wa chumba hicho, naandika tuliyoyaona kwa ajili ya wenzetu wa Kanda ya Kati wanaofikiria kukinunua kifaa cha aina hii. Kazi yake ni kupima kaboni dioksaidi katika hewa anayoitoa mgonjwa na kuionyesha kwa namba, pamoja na mchoro unaopanda na kushuka kwa kila pumzi.

Faida yake huanza pale mrija wa kupumulia unapoingizwa. Mrija ukipotea njia na kuingia kwenye umio (njia ya chakula), oksimita ya kidoleni, inayopima oksijeni katika damu, haisemi upesi, kwa sababu mgonjwa aliyepewa oksijeni ya kutosha kabla ya kulazwa usingizi anaweza kubaki na kiwango kizuri kwa dakika kadhaa huku hewa ikiishia tumboni. Kapnografu huonyesha kosa hilo ndani ya pumzi chache, maana mchoro hauinuki. Zamani tulitegemea kusikiliza kifua na kutazama mvuke ndani ya mrija, ilhali mvuke huweza kuonekana hata mrija ukiwa kwenye umio. Mgonjwa anapoletwa na gari la wagonjwa kutoka Kondoa au Manyoni akiwa tayari na mrija, sasa hicho ndicho tunachokiunganisha kwanza.

Hata hivyo, usiku mmoja wa zamu yangu ndio ulionifanya nikithamini zaidi. Mgonjwa aliyevunjika mfupa wa paja alikuwa siku ya 6 kwenye mashine ya kupumulia, na kipimo chake kikashuka kutoka milimita 37 za zebaki hadi 21 ndani ya dakika chache, ingawa mashine ilikuwa ikimpa hewa kwa kiasi kilekile na mrija haukuwa umesogea wala kuvuja. Hali hiyo huashiria kwamba hewa inafika mapafuni, lakini damu yenye kaboni dioksaidi haipiti sehemu fulani ya mapafu. Damu iliyochukuliwa kwenye ateri ilionyesha kaboni dioksaidi ya milimita 46, wakati kwa kawaida vipimo hivi viwili hutofautiana kwa milimita 2 hadi 5 tu. Daktari alishuku bonge la damu lililong'oka mguuni na kuziba mshipa wa mapafu, picha ya CT ikathibitisha, na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ikaanzishwa usiku uleule. Mgonjwa yule alitoka kwenye mashine baada ya siku 11, na sote tulifurahi sana.

Sidai kwamba kifaa kinatambua bonge la damu. Kutokwa na damu nyingi au moyo kudhoofika ghafla hushusha kipimo vilevile, kwa hiyo namba ikianguka, muuguzi anapaswa kukagua mrija, mashine na mapigo ya moyo, kisha amwite daktari bila kusubiri.

Udhaifu mkubwa uko kwenye ule mrija mwembamba unaonyonya sampuli ya hewa. Huziba kwa unyevu na makohozi, mchoro hulala, na muuguzi mgeni hushtuka akidhani mgonjwa ameacha kupumua. Mirija ya akiba huagizwa Dar es Salaam, na mara moja tulikaa siku 9 bila hata mmoja, jambo lililonisikitisha kwa kuwa kifaa kilikuwa kizima. Betri nayo ilidumu saa 3 umeme ulipokatika, pungufu ya saa 5 alizotuahidi muuzaji. Vumbi la kiangazi cha Dodoma halijatusumbua, ila tunasafisha kichujio kila Jumatatu.

Ninakipa alama 4 kati ya 5. Anayenunua aagize boksi zima la mirija siku ileile, na adai mafunzo kwa wauguzi wa zamu ya usiku, kwa sababu sisi tulifundishwa wale wa mchana tu.