Nilijifunza Kupiga Mbizi Diani, Nikarudi Kampala na Hasira

Nilipoamua kujifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, Ziwa Viktoria sikulifikiria sana, kwa kuwa maji yake hayaonyeshi mbali, kichocho kimo, na ziwa lenyewe liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, jambo linalobadilisha hesabu za mbizi ambazo mwanafunzi mpya bado hajazijua. Kwa hiyo nilipanda basi kutoka Kampala hadi Mombasa, nikavuka Likoni, nikajiandikisha Diani katika shule ambayo sitaitaja.

Siku za kwanza zilinifurahisha mno. Kijana msaidizi alinifundisha bwawani jinsi ya kuondoa maji ndani ya miwani ya kuzamia, na jinsi ya kubana pua na kupuliza taratibu ili masikio yazibuke. Baharini sikio liliponiuma katika mita nne, alinipandisha kidogo akangoja, wala hakunivuta chini. Ningeandika jioni ile, ningewahimiza wote waende.

Siku ya mwisho tulipiga mbizi mara mbili, tukatoka majini alasiri, na basi langu lilikuwa liondoke Mombasa usiku uleule. Nilimwuliza mwalimu mkuu kama ni salama, kwa sababu kitabu alichonipa yeye mwenyewe kilieleza kwamba nitrojeni iliyoingia mwilini chini ya maji hutoka polepole, na kwamba anayepanda juu mapema huweza kupata mapovu ndani ya damu. Hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. “Dada, hayo ni ya wenye kupanda ndege. Ninyi watu wa bara mmemaliza kuogopa maji, sasa mnaogopa hata barabara.”

Barabara hiyo hufika Nairobi, zaidi ya mita 1,600, kabla hakujapambazuka, kisha huvuka nyanda zilizo juu ya mita 2,000 kabla ya kuteremka kuelekea mpakani. Mwili haujui kama umepandishwa na mabawa au magurudumu. Aliyepiga mbizi siku kadhaa hushauriwa angoje angalau saa 18 kabla ya kuruka, na mimi sikuwa nimemaliza hata saa sita.

Yule kijana alinifuata hadi langoni, akaninong’oneza: “Dada, usisafiri leo.” Nilisikia maneno yake, nikalala Likoni, na nauli yangu ikapotea.

Nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba shule ile isikanyagwe na mtu yeyote. Kisha nikamkumbuka kijana yule na subira yake, nikataka kusema nendeni, mradi mfundishwe naye. Lakini kila ninapofikiri kwamba alilazimika kuninong’oneza langoni kitu ambacho mkubwa wake alipaswa kukisema kwa sauti mbele ya darasa zima, narudi palepale: anayetoka Uganda asilipe fedha zake pale, hata kama atahakikishiwa kwamba atafundishwa na kijana huyo.