Krimu ya salfa kwa maambukizi ya ukeni: tathmini baada ya siku 12 za kuitumia

Nimeitumia krimu ya sulfanilamaidi, mojawapo ya dawa za kundi la salfa, yenye nguvu ya asilimia 15 kwa siku 12 mfululizo, kisha nikaiacha kwa ushauri wa daktari kabla ya kufikia siku 30 zilizoandikwa kwenye karatasi ya maelezo. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wanawake wanaokabidhiwa dawa hii, au ile krimu nyingine iliyochanganya salfa tatu, bila kuelezwa inatibu ugonjwa gani na ni ugonjwa gani ambao hauisikii kabisa.

Nianze na matumizi yenyewe, kwa sababu hapo ndipo mgonjwa huchoka mapema kuliko anavyodhani. Kipimo kimoja ni kibomba kilichojaa, yaani gramu 6 hivi, na huingizwa ukeni mara moja au mbili kwa siku. Nilielekezwa kuitumia mara moja, usiku, nikiwa tayari nimelala, na huo ni utaratibu mzuri kwa kuwa ukisimama tu krimu huanza kushuka. Ni laini, haina harufu kali, na usiku wa kwanza iliniletea ubaridi ulionipa matumaini. Hata hivyo asubuhi yake nilihitaji pedi, na nikaendelea kuihitaji kila asubuhi. Hesabu ya dawa pia haikunipendeza: gramu 6 kwa siku 30 ni gramu 180, ilhali tyubu niliyopewa ilikuwa na gramu 120, na hakuna aliyenitahadharisha kwamba ingeisha siku ya 20. Mtu asiyejua hilo ataona tyubu imekwisha na kuamini kuwa tiba imekamilika.

Kibomba huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kila baada ya matumizi, na hedhi ikianza katikati dawa haikatishwi, ila tamponi huachwa kwa sababu hufyonza krimu. Kuosha uke kwa ndani nako huachwa, na ningeshauri kuachwe hata baada ya kupona.

Sasa nije kwenye matokeo. Nilikwenda zahanati nikiwa na majimaji mepesi ya rangi ya kijivu na harufu inayofanana na ya samaki, iliyozidi baada ya tendo la ndoa. Muwasho ulikuwa mdogo. Niliulizwa maswali mawili, sikupimwa, nikaandikiwa krimu hii kwa maelezo kwamba nina fangasi. Wiki ya kwanza nilihisi nafuu kidogo, ambayo leo ninaamini ilitokana na ulaini wa krimu. Harufu haikuondoka hata siku moja. Siku ya 12 nilikwenda kwa daktari mwingine, ambaye alichukua sampuli, akapima kiwango cha asidi ukeni na kukuta pH imezidi 4.5, yaani asidi imepungua, kisha akatazama majimaji kwenye darubini na kuona chembe za utando wa uke zilizogubikwa na bakteria. Hayakuwa fangasi. Ilikuwa hali ambayo bakteria walinzi wa uke hupungua na wengine, akiwemo Gardnerella, huongezeka kupita kiasi. Nilipewa metronidazoli ya miligramu 500, asubuhi na jioni kwa siku 7, na kabla dozi haijaisha harufu ilikuwa imetoweka.

Kilichotokea kinaeleweka ukijua jinsi salfa inavyofanya kazi. Bakteria wengi hujitengenezea asidi ya foliki kutokana na kemikali iitwayo PABA, na salfa, kwa kuwa umbo lake linafanana na la PABA, huchukua nafasi yake na kuusimamisha utengenezaji huo. Sisi binadamu tunaipata asidi hiyo katika chakula, ndiyo maana dawa humdhuru kijidudu bila kumdhuru mgonjwa kwa njia hiyo hiyo. Ni ugunduzi mkubwa, na ninautaja kwa heshima: mwaka 1935 Gerhard Domagk wa Ujerumani alichapisha matokeo ya dawa ya salfa iitwayo prontosili, mwaka huohuo wanasayansi wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris wakaonyesha kuwa sulfanilamaidi ndiyo hasa inayofanya kazi ndani yake, na Domagk akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1939. Lakini penye usaha na tishu zilizokufa PABA huwa nyingi na salfa hudhoofika, na Gardnerella kwa kawaida ni sugu kwake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1978 uliilinganisha metronidazoli na dawa nyingine kwa wanawake wenye tatizo kama langu, ikiwemo krimu ya salfa, na krimu hiyo haikufua dafu.

Ndiyo sababu siwezi kuipendekeza krimu ya salfa tatu, ambayo kwa miaka mingi iliandikiwa wanawake kwa ajili ya tatizo hilohilo. Ile ya sulfanilamaidi peke yake ilikusudiwa fangasi aina ya Candida albicans, ambao dalili zao ni muwasho mkali, wekundu na majimaji mazito kama maziwa yaliyoganda, yasiyo na harufu. Hata kwa fangasi, ukiniuliza mimi, siku 30 ni nyingi mno wakati klotrimazoli hutumika ukeni kwa siku chache, na flukonazoli ya kumeza ni kidonge kimoja cha miligramu 150. Na kama majimaji ni ya njano au ya kijani yenye povu, huenda ni trikomonasi, ugonjwa wa kijidudu unaoenezwa kwa kujamiiana, ambao salfa hauutibu; hiyo huhitaji dawa ya kumeza, na mwenzi pia lazima atibiwe.

Upande wa usalama ninausisitiza zaidi, kwa kuwa wengi huichukulia krimu kama kitu cha kupaka tu. Salfa hufyonzwa kupitia utando wa uke na kuingia katika damu, kwa hiyo mwenye mzio wa salfa asiiguse, hata kama mzio huo ulijitokeza kwa vidonge vya kumeza miaka mingi iliyopita. Upele, malengelenge, vidonda vya mdomoni au homa vikitokea, dawa iachwe mara moja na mgonjwa aende hospitali, maana mzio wa salfa, ingawa ule mkali ni nadra, unaweza kuibabua ngozi na kuhatarisha maisha. Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, amweleze daktari mapema. Mjamzito, hasa anayekaribia kujifungua, na mama anayemnyonyesha mtoto mchanga wasijianzishie dawa hii, kwa sababu salfa inaweza kuongeza athari za ugonjwa wa manjano kwenye ubongo wa mtoto. Aidha, krimu zenye mafuta hudhoofisha mpira wa kondomu.

Kuhusu huduma, zahanati ya kwanza ninaipa alama ya chini, si kwa kuwa ilikosea, bali kwa kuwa kipimo kilichonipa jibu kilichukua dakika chache tu na kingeweza kufanywa siku ileile. Mfamasia aliyenipa tyubu alifanya kazi yake vizuri zaidi kuliko aliyeniandikia. Kabla ya kunikabidhi aliniuliza, "Dada, umewahi kuvimba au kutoka upele kwa dawa yoyote ya salfa?" Kisha akaongeza kwamba nikifika siku ya tano bila kuona mabadiliko nirudi nikapimwe, nisingoje tyubu iishe. Nilisubiri siku saba zaidi ya alizonipa, na nilipomrudishia tyubu iliyobaki ili aiteketeze kwa njia salama, aliniuliza tena kuhusu upele kabla hajaipokea.