Tahadhari: Muuzaji wa stata anayetaka umtumie ya zamani kwanza

Ndugu zangu wenye magari wa Kisumu, Vihiga, Kakamega na Nakuru, ninaandika haya kuwatahadharisha kuhusu muuzaji wa spea anayejitangaza mtandaoni kuwa ana ghala mjini Nakuru na kwamba hutuma mizigo kwa matatu hadi huku kwetu magharibi. Amenichukulia shilingi 6,500 pamoja na stata (mota ya kuwashia injini) iliyokuja na gari langu kutoka Japani, na kwa jinsi nilivyokuja kuelewa mambo baadaye, stata hiyo ndiyo aliyokuwa akiitaka tangu mwanzo kuliko hizo pesa. Jina analotumia na namba yake ya simu siziandiki hapa kwa kuwa nimeandikisha malalamiko polisi na nimepewa namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), lakini njia anayopitia nitaieleza yote.

Gari langu ni Toyota ndogo ya gia za otomatiki, kwa hiyo stata ikigoma siwezi kuwaomba vijana wa bodaboda wanisukumie. Asubuhi moja nyumbani Mamboleo, Kisumu, nilizungusha ufunguo nikasikia "ta!" moja, kisha kimya, na taa za dashibodi zikabaki ziking'aa kama kawaida. Nilipima betri kwa multimita nikapata volti 12.6, na nilipomwomba mke wangu azungushe ufunguo huku nikitazama kipimo, volti hazikushuka kwa kiasi cha maana, nikajua tatizo si betri. Baada ya kujaribu mara nne au tano, injini ikawaka bila shida. Hali hiyo iliendelea wiki nzima, ikizidi siku baada ya siku, nami nikaamua kununua stata nyingine na kuibadilisha mwenyewe uani, kama nilivyowahi kubadilisha breki na mkanda wa alteneta.

Nilipompigia muuzaji huyo, swali lake la kwanza halikuwa aina ya gari wala mwaka wake. Aliniuliza, "Ukiwasha inatoa sauti gani?" Nilipomweleza kwamba inagonga mara moja na kunyamaza, akachangamka, akaniambia bei yake ni shilingi 8,000, lakini nikimtumia ya zamani nitalipa 6,500 tu. Alinitumia picha safi ya stata yenye lebo ya namba inayoanza na 28100, ambayo ndiyo mianzo ya namba za stata za Toyota, na hilo likaniondolea wasiwasi. Sharti lake lilikuwa kwamba ya zamani itangulie kwa matatu ya asubuhi pamoja na malipo, naye angetuma yake jioni hiyohiyo. Malipo yalikwenda kwenye namba ya simu ya kawaida, si namba ya duka, na jina lililotokea kwenye M-Pesa halikufanana hata kidogo na lile alilojitambulisha nalo. Nililiona hilo, nikamuuliza, akanijibu kuwa simu ni ya mkewe, nami nikakubali.

Kuitoa stata hakukunisumbua. Nilifungua kwanza waya wa hasi wa betri, na ninamsihi yeyote anayetaka kuifanya kazi hii nyumbani asiruke hatua hiyo, kwa sababu ule waya mnene unaotoka kwenye betri hadi kwenye stata una umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni, na kwa kawaida haupiti kwenye swichi ya ufunguo. Spana ikiugusa huku ikigusa injini, hutoa cheche za kuunguza mkono au kuwasha moto. Kisha nikatoa nati ya waya huo, nikachomoa ile plagi ndogo, nikafungua bolti mbili za namba 14 kutoka chini. Kabla ya kuifunga stata kwenye katoni nilichora alama ya X kwa ncha ya bisibisi kwenye chuma chake, karibu na tundu la bolti ya juu.

Mzigo wake ulifika baada ya siku tatu, si jioni ile. Kwa mbali ilikuwa stata mpya inayometa rangi ya fedha. Niliposogea nayo mwangani, nikaona kwamba rangi ilikuwa imepuliziwa juu ya kila kitu: juu ya vichwa vya skrubu, juu ya nyuzi za nati ya umeme, hata ndani ya plagi, mahali ambapo hakuna kiwanda kinachoweza kupaka rangi kwa sababu rangi huzuia umeme kupita. Nilikwaruza kwa ukucha, rangi ikatoka kama ganda la yai, na chini yake palikuwa na kutu. Lebo ilikuwa karatasi iliyobandikwa upande, na nilipoibandua nikakuta mahali pa namba halisi pamesuguliwa kwa tupa. Meno ya gia yake ndogo yalikuwa yameliwa upande mmoja hadi yakachongoka.

Hayo meno ndiyo yaliyonizuia kuifunga. Gia hiyo ndogo husukumwa mbele ikakamata gia kubwa iliyozunguka gurudumu la injini, na ikiwa meno yake yamechongoka huteleza na kuyala yale makubwa pia. Kubadilisha gia kubwa ni lazima gia boksi ishushwe, na hiyo ni gharama inayozidi stata yenyewe mara kadhaa.

Niliipeleka kwa fundi wa umeme wa magari pale Kibuye, mzee aliyefanya kazi hiyo tangu mimi nikiwa shuleni. Alipoifungua tukakuta kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota zimebaki kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Kisha akaniuliza ile yangu ilikuwa na tatizo gani, na nilipomweleza akatikisa kichwa. Alinionyesha, ndani ya kisanduku cha mviringo kinachokaa juu ya stata, vipande viwili vya shaba vinavyounganishwa na kisahani kila unapozungusha ufunguo. Vipande hivyo ndivyo vinavyoliwa kidogokidogo na cheche hadi kisahani kishindwe kuvigusa vizuri, na hapo ndipo unaposikia "ta!" bila mzunguko. Dawa yake ni kubadilisha shaba na kisahani, kazi ya saa moja hivi, na mota yote iliyobaki huwa nzima.

Ndipo nikaelewa swali la sauti. Mtu ambaye stata yake inagonga bila kuzunguka huwa mara nyingi anashika mkononi stata nzuri yenye ugonjwa mdogo, na muuzaji huyu anamlipisha mtu huyo ili ampokonye. Nimezungumza na wenzangu wawili walionunua kwake. Mmoja wa Luanda ya Vihiga, ambaye yake ilikuwa ikigonga kama yangu, aliombwa aitume kwanza. Mwingine wa Ahero, ambaye yake ilikuwa imeungua na kutoa moshi, hakuombwa chochote zaidi ya pesa, ingawa punguzo la kubadilishana lilikuwa limeandikwa kwenye tangazo.

Nilijaribu kurejesha pesa kwa kutuma ujumbe wa M-Pesa kwenda 456, lakini njia hiyo imewekwa kwa aliyekosea namba, na pesa zilikuwa zimeshatolewa. Sasa ninaandaa madai katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo kwa sheria ya mwaka 2016, iliyorekebishwa mwaka 2020, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Wenzangu wawili niliowataja wako tayari kutoa ushahidi. Aliyeumizwa naye pia atunze ujumbe wa malipo, picha alizotumiwa na risiti ya parseli ya matatu, na asiitupe stata aliyoletewa hata kama haifai kitu.

Na kwa fundi au mwenye gari yeyote, kuanzia Nakuru hadi Busia, atakayeuziwa stata ya Toyota ndogo yenye alama ya X iliyochorwa karibu na tundu la bolti ya juu, ninamwomba akwaruze rangi mahali hapo kabla ya kulipa, na akiiona anijulishe.