Uzoefu wangu na kocha wa mbio Dar: nusu marathoni chini ya saa mbili

Nimemaliza kilomita 21 kwa 1:58:44. Lengo lilikuwa kushuka chini ya saa mbili, na hela niliyolipa kwa kundi la mazoezi naiona imerudi yote. Naandika kwa ajili ya wale wanaouliza kuna haja gani ya kumlipa kocha wakati barabara ni za bure na joging klabu ziko kila mtaa.

Ada ni shilingi 60,000 kwa mwezi, programu ni ya wiki 12. Jumanne ni vilima vya Mlimani, pale Chuo Kikuu. Alhamisi ni vipande: unakimbia kilomita moja kwa kasi, unapumzika kidogo, unarudia. Siku moja unakimbia peke yako, taratibu. Jumapili ni mbio ndefu, mnakutana Coco Beach saa kumi na moja alfajiri. Kocha hataki mtu akimbie peke yake gizani, hasa sisi wanawake, na asiye na kizibao kinachong'aa kwa taa za magari haondoki.

Kilichonibadilisha ni hizo mbio ndefu. Kocha hupanda baiskeli kando yetu na kupiga soga na kila mmoja. Nyumbani hawajambo? Jana ulikula nini? Yule mdogo wako alishapata kazi? Nilidhani ni ukarimu tu, kumbe ndiyo kipimo chake. Ukimjibu kwa sentensi nzima anasogea kwa mwingine. Ukimjibu kwa neno moja moja anakaa palepale: "Dada, punguza. Hapo umeshaanza kushindana." Mwendo huo wa kuongea ulikuwa karibu dakika saba kwa kilomita, ilhali kasi ninayoitafuta siku ya mbio ni 5:41, yaani dakika tano na sekunde 41 kwa kilomita. Wiki za mwanzo nilikuwa narudi nyumbani na nguvu za kufua na kupika, jambo ambalo sikulizoea baada ya kilomita 14.

Kwa Dar hili lina maana kuliko kwa wenzetu wa Arusha au Iringa. Fukuto letu halikuachi. Hewa ikishajaa unyevu jasho linatiririka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Moyo unalazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili joto litoke, miguu inabaki na mgao mdogo. Ndiyo maana kocha anatupangia jitihada kwanza, dakika baadaye. Programu yetu ilianza masika yakiwa yanaisha ikaishia kwenye kipupwe, na ilipofika Julai mwendo uleule wa kuongea ulikuwa umeshuka wenyewe hadi dakika sita na nusu bila mimi kujikaza.

Kingine ni jinsi anavyolijua jiji. Tulikimbia Barabara ya Toure hadi Masaki, tukarudi, tukavuka Daraja la Tanzanite hadi Barabara ya Barack Obama. Daraja lile lina zaidi ya kilomita moja juu ya maji, na tangu lifunguliwe mwaka 2022 wakimbiaji wamelifanya lao. Lakini hakuna jengo wala mti wa kukukinga. Msimu wa kusi, ukielekea mjini upepo unakuja usoni. Ukirudi Oysterbay unakusukuma mgongoni. Alitufundisha kujificha nyuma ya watu wakati wa kwenda na kufungua miguu wakati wa kurudi. Na hilo ndilo lililokuja kuniokoa.

Kuhusu chakula hakuwa na makuu. Usiku wa kuamkia mbio ndefu, wali au viazi vitamu. Alfajiri, ndizi mbili na chai ya rangi. Madafu anayapenda, ila alitueleza vizuri kwamba yana potasiamu nyingi na chumvi kidogo, kwa hiyo mtu anayetoka jasho jingi aongeze paketi ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, kutoka duka la dawa.

Siku ya mbio alinipa mpango wa vipande vitatu: kilomita tano za kwanza kwa 5:50, kumi na moja zinazofuata kwa 5:38, zilizobaki kwa chochote kilichopo mwilini. Alinionya pia nisiiamini peke yake saa ya mkononi inayopima umbali, kwa sababu kila ukizunguka kona kwa nje unaongeza mita, na mwisho wa siku saa inasoma kilomita 21.3 huku mstari wa kumalizia bado uko mbele. Hesabu zifanyike kwenye vibao vya kilomita vilivyowekwa njiani.

Kupitwa na umati mzima kwenye kilomita za kwanza kuliniuma, siwezi kuficha. Kibao cha 16 nikakipita kwa 1:31:08. Kwa hesabu ya 5:41 nilikuwa nyuma kwa sekunde 12. Lakini pumzi ilikuwa bado yangu, na kusi lilikuwa mgongoni. Nikaanza kuwapita wale walionipita, mmoja mmoja, wengine wanatembea wameshika kiuno. Kilomita tano za mwisho zilikwenda kwa wastani wa 5:25. Sijawahi kukimbia hivyo maishani mwangu, na nilikuwa nalia kabla sijavishwa medali.

Kocha hupenda kutuonyesha video ya mkimbiaji wetu Alphonce Simbu akichukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo, Septemba 2025. Alitulia kwenye kundi kilomita zote zile, akampita Mjerumani Amanal Petros hatua za mwisho kabisa. Wote wawili waliandikiwa 2:09:48, tofauti ni sehemu tatu za mia za sekunde. Mtanzania yeyote anayekimbia aitazame ile dakika ya mwisho kwa makini.

Yasiyonifurahisha yapo. Programu ya wiki inatumwa WhatsApp Jumapili usiku sana, na mwenye watoto au zamu kazini hawezi kupanga ratiba yake hivyo. Kwenye mbio ndefu hakuna maji ya kundi, kila mtu abebe yake au awe na hela ya kununua njiani. Na kundi limekua. Siku za vipande kocha mmoja hatoshi, wanaoanza wanabaki nyuma bila mtu wa kuwarekebisha. Nimemwambia haya ana kwa ana, akakubali kutafuta msaidizi.

Kama unataka tu kumaliza kilomita 21 ukiwa mzima, joging klabu ya mtaani kwako inatosha kabisa, na utapata marafiki. Kama una muda unaoutafuta na umekwama palepale mwaka hadi mwaka, lipa kocha. Kabla hujatoa hela, omba ukimbie nao Jumapili moja. Akikuacha ukimbie mbio kali siku hiyo ili ufurahi, tafuta mwingine.