TAHADHARI: Kirikuu na matela ya kuoshea kwa presha yanayouzwa Mwanza yakiwa "tayari kwa kazi"

Wakuu, yeyote anayetafuta gari au tela la kufungia mashine ya presha hapa Mwanza asome hili kabla hajatoa hata senti ya advansi.

Kuna muuzaji mmoja na madalali wake wanaozungusha mtandaoni picha za kirikuu, yaani kipikapu kidogo cha mizigo, yenye simtanki (tanki la plastiki) la lita 1,000 mgongoni, mashine ya petroli, mipira na bunduki yake ya kupulizia maji. Tangazo linasema biashara imekamilika, leo unanunua, kesho uko kazini unaosha malori na mapaa ya watu. Jina siweki kwa sababu suala liko polisi. Namba za simu nazo hazitawasaidia, anabadilisha kila mara. Asichobadilisha ni mtindo.

Mtindo wenyewe ni kwamba hilo tanki hutalikuta na maji. Ukienda asubuhi, maji yamekatika. Ukienda jioni, tanki limetoka kusafishwa, linaachwa likauke. Mji umekaa juu ya ziwa, mtu anakwambia wiki nzima maji hakuna! Anachokwepa ni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tanki hilo likijaa ni tani nzima, bado hujaweka mashine na mipira ambayo nayo inakaribia kilo mia. Suzuki Carry hizi za cc 660 zinazotoka Japani zimeruhusiwa kubeba kilo 350 tu. Hili halihitaji fundi. Kwenye mlango wa nyuma wa bodi huwa kuna kibandiko cha kiwandani. Maneno ni ya Kijapani lakini tarakimu ni hizihizi zetu: 350kg. Kwenye gari za huyu bwana kibandiko kimekwanguliwa na rangi mpya imepulizwa juu yake. Ukiinama ukatazama kwa ubavu, mwanga ukipiga, utaona umbo lake la mstatili bado limebaki chini ya rangi.

Mimi naosha kwa presha miaka mingi, sheli, yadi za malori na boti zikipandishwa juu kwa matengenezo, ndiyo maana dogo mmoja wa Nyegezi alinipigia nimsindikize akakague gari. Advansi alishatoa, milioni moja na nusu, risiti anayo. Tulipofika kwenye yadi, upande wa Buhongwa, wimbo ukawa uleule, maji hakuna. Nikamwambia dogo aende barabarani akamwite kijana wa toroli la madumu.

Muuzaji alikuwa anacheka mwanzoni. Tulipoanza kumimina akaacha kucheka. Kabla hata tanki halijafika nusu, springi za nyuma zilikuwa zimelala kabisa, majani yake ya chuma yamenyooka kama rula, na tairi la kushoto limegusa bodi. Nikaingia chini na tochi. Nyuma ya kabini, pale chasisi inapobeba mzigo wote, palikuwa na puti nene, ile ya kuzibia nyufa za bodi, iliyopakwa rangi nyeusi, na ile puti ilikuwa inapasuka tukiitazama, mstari mwembamba unatembea kutoka kwenye mchomeleo kwenda chini. Ilikuwa imeshakatika siku nyingi, ikaungwa na kipande cha bamba. Muuzaji akaanza kupiga kelele: "Mtaniharibia gari!" Gari inayouzwa kwa kazi ya tani moja, inaharibiwa na nusu tani ikiwa imesimama. Sasa ipandishe nayo Isamilo, au ishuke nayo mteremko wowote wa mji huu na breki zile, maji yanayumba ndani ya tanki. Tanki la duara lisilo na vizuizi ndani, likiwa nusu, ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu ukifunga breki maji yote yanakimbilia mbele na kwenye kona yanakuvuta pembeni.

Dogo akaomba hela yake. Akaonyeshwa chini ya risiti, maandishi madogo: advansi hairudishwi. Hadi naandika haijarudi.

Kwenye yadi hiyohiyo kuna matela, na haya kwa maoni yangu ni hatari zaidi, maana wengi huyakimbilia kwa bei. Yamechomelewa mtaani kwa chuma chembamba, ekseli imetoka kwenye gari chakavu, breki halina. Nililoliona lina ekseli katikati kabisa na tanki limewekwa nyuma yake. Likiwa tupu linakaa vizuri, picha inapendeza. Likijaa, mkono wa tela unanyanyuka na kuinua matako ya gari inayolivuta, na mwendo ukiongezeka tela linaanza kucheza kushoto kulia mpaka linakutupa. Tela zuri huegemea mbele: kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake wote inatakiwa ikae kwenye ndoano ya gari linalovuta. Matairi nayo yamepakwa dawa yanang'aa kama mapya, lakini soma tarakimu nne za mwisho za ule mfululizo unaoanzia na herufi DOT. 1412 maana yake lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2012. Upande mwingine wa tairi huenda usizikute, zunguka uangalie wa ndani.

Dalali atakwambia pia tela halihitaji usajili, linatembelea namba ya gari linalovuta. Uongo huo. Tela linasajiliwa kama gari na lina namba yake.

Mashine: ina stika ya Honda GX390. Injini halisi namba yake imegongwa kwenye chuma cha bloku, siyo stika peke yake. Ile niliyoshika haina kitu, bloku laini kabisa. Mashine ya Kichina siidharau, ninayo moja inafanya kazi, ila niuziwe kwa bei ya Kichina.

Halafu kuna ile ahadi ya kwamba hutalipia maji, utachota ziwani na wateja utawaoshea hukohuko ufukweni. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na kuchota maji kwa biashara kunataka kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Ukiacha sheria, mchanga na ule ukijani wa kando ya ziwa vitamaliza sili za pampu bila chujio la maana. Anayekuuzia hakwambii, yeye keshaondoka.

Kadi ya gari aliyotuonyesha ilikuwa kopi, yenye jina la mtu mwingine ambaye "yuko Dar". Kirikuu nyingi zinanunuliwa kwa mkopo na kadi halisi inashikiliwa na mkopeshaji. Ukilipa bila kuona kadi halisi, bila kuhakiki TRA na bila mkataba wa mauziano kwa wakili, siku moja watakuja vijana na breakdown waivute mbele ya wateja wako.

Mtu asiseme nimeponda kirikuu zote. Kirikuu nzima ukiifunga tanki la lita 200 inafanya kazi safi kwa wateja wenye bomba: mpira wa bomba unajaza tanki, mashine inavuta kwenye tanki, pampu haivuti hewa. Lakini mashine inayokula lita 15 kwa dakika itazimaliza hizo 200 kwa dakika 13, kwa hiyo pasipo na bomba usiende. Anayetaka kubeba lita 1,000 zake atafute Canter ya tani mbili, hata kuukuu, chasisi ikiwa haijaguswa na mchomeleaji. Tela mimi silitaki kabisa kwa vichochoro vya Mabatini, kurudi nyuma tu ni kesi.

Kirikuu ile imerudi mtandaoni, sasa ni ya bluu, ilikuwa nyeupe. Tanki ni lilelile, lina kiraka cha plastiki iliyoyeyushwa chini ya koki, na bamba la nyuma ya kabini limeongezwa jingine juu yake. Kama umeshamlipa chochote, beba risiti na meseji zako uende kituo cha polisi, ueleze kwamba yapo malalamiko mengine dhidi ya muuzaji huyohuyo wa upande wa Buhongwa. Dogo wa Nyegezi yuko tayari kusimama shahidi, na mimi pia, video ya puti ikipasuka ninayo kwenye simu.